Modem ya Kuitikia

9 Februari

Mwanangu Fundi,

Hujambo wewe, na mama yako hajambo? Mwambie mdogo wangu aache kupanda juu ya viti kufuta vumbi madirishani, magoti yale si ya kuchezea na yeye si msichana tena. Mimi mzima. Macho tu ndiyo yananigomea kutunga uzi. Sare za shule bado nashona, na mwaka huu wameongeza mfuko wa kifuani, basi ni kazi juu ya kazi na cherehani linalia kutwa.

Habari mpya ya huku ni kwamba mtaani wamebadilisha nguzo zote za simu. Ile simu yetu iliyokufa siku ya radi imefufuka. Nilikuwa nimeshaifunika kitambaa na kuigeuza meza ya chungu cha maua, mara nasikia maua yanalia. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa nina jambo dogo. Kompyuta ya marehemu mzee iko palepale chumbani kwake, na inawaka, nimeijaribu. Kilichoungua na radi ni modem. Nataka nyingine. Nilikwenda dukani, muuzaji akanipa kitu kidogo kama kiberiti, akasema mama we chomeka tu. Nimezunguka nyuma ya kompyuta na tochi mpaka shingo ikauma, tundu la kuchomeka kitu hicho halipo. Nilipomrudishia akaniambia kompyuta yangu inafaa kupelekwa makumbusho. Nikamwambia na mimi je, mbona hujanipeleka.

Basi niambie wewe nitafute ipi. Iwe ya kuaminika, isiyokata katikati ya maneno. Usiniulize ni ya nini.

Mama yako mkubwa


27 Februari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako imetukuta wazima. Mama amecheka ile ya viti, kisha akapanda kiti kuirudisha barua juu ya kabati. Anasema na wewe uvae miwani, uache kuisingizia sindano. Duka linakwenda. Wateja wanaleta mashine zilizoingiwa mchwa na kutaka zifanye kazi kesho yake.

Muuzaji wako hakukosea sana, ila alikuwa mvivu. Kompyuta ya Baba Mkubwa imetengenezwa kabla ya matundu hayo kuwepo. Na usikubali akuuzie modem ya ndani, ile kadi ya kupachika tumboni mwa kompyuta. Nyingi za siku hizi hazina akili zao wenyewe, zinaazima ya kompyuta, na kompyuta iliyozeeka kiasi hicho haina ya kugawa. Ndiyo hizo zinazokata katikati ya maneno.

Tafuta modem ya nje, ya kukaa mezani. Iwe na adapta yake ya umeme, taa mbele, na spika ndani ili usikie inachofanya. Nyuma ya kompyuta kuna tundu lenye pini tisa. Waya wake uingie hapo. Kama unaweza kuchagua kati ya ganda la plastiki na la bati, chukua bati, halipati joto upesi. Kasi isikusumbue. Modem mbili zikikutana kwenye waya zinapimana kwanza, na yenye haraka inajishusha mpaka mwendo wa ile ya polepole. Ya zamani iliyo nzima itakufaa kuliko mpya ya ovyo.

Umesema nisiulize, nami siulizi. Ila niambie utakuwa unapiga namba gani, nikuandikie namna ya kuipanga.

Mwanao, Fundi


20 Machi

Mwanangu,

Salama wote? Huku mvua zimeanza kunyatia, nguo hazikauki. Miwani nimenunua, mwambie mama yako afurahi sasa.

Nilikuuliza vibaya. Sitaki modem ya kupiga, nataka ya kuitikia. Je, hiyo ya nje inaweza kupokea simu yenyewe?

Nitakuambia, maana naona bila kukuambia hutanisaidia vizuri. Tangu simu ifufuke, kila Jumapili mchana, nikishaosha vyombo, inalia. Mara ya kwanza nilipokea, nikasema halo. Hakuna mtu. Kuna mluzi mfupi, tii, halafu kimya. Tii tena, kimya. Kama mtu anayepiga mluzi mlangoni na kungoja afunguliwe. Nikauliza nani, nikauliza unamtaka nani, yeye tii tu. Kisha ikakatika. Jumapili iliyofuata vilevile, na saa ileile ambayo mzee alikuwa anajifungia chumbani na kompyuta yake kuzungumza kwa maandishi na yule.

Unajua ninayemsema. Aliyekwenda kuangalia pampu za maji huko mwisho wa dunia. Mzee alipougua, simu ikiwa imekufa, kila siku alikuwa ananituma nikainue nisikilize kama imepona, anasema mtoto atapiga. Alikufa anasema hivyo. Nilimwandikia yule aje kumzika baba yake, hakuja, hakujibu, na mkandarasi aliyemwajiri alikuwa ameshafunga ofisi na kutokomea. Mtoto ambaye hakumzika baba yake hana jina nyumbani kwangu. Sasa amekumbuka kupiga. Nataka nimwitikie ili nimwambie ninayotaka kumwambia, maana nimeyabeba miaka hii yote na yamenichosha.

Mama yako mkubwa


11 Aprili

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mama anakusalimu sana. Barua yako niliisoma mwenyewe kwanza, halafu nikamsomea nusu tu. Nisamehe kwa hilo.

Mluzi unaousikia ni wa modem inayopiga. Inatoa sauti hiyo na kungoja mwenzake aitikie kwa ile kelele kubwa unayoikumbuka, na isiposikia kitu inakata. Inaweza kuwa ofisi fulani imekosea namba ya faksi. Nimewahi kuona hivyo zaidi ya mara moja. Usijenge sana juu yake.

Lakini kama ni Pengo, na naomba radhi kwa kumtaja, basi upate kitu cha kweli. Nakutumia modem yangu mwenyewe, ya bati, iliyokuwa rafuni dukani. Mkwaruzo wa juu usikutishe, ni wa bisibisi yangu. Nimeipima kwa kuipigia tena na tena kutoka simu ya jirani, haijakata hata mara moja. Ukishaunganisha nyaya, washa modem kwanza, kompyuta baadaye, kisha ufungue programu ya Baba Mkubwa, ile yenye skrini nyeusi na herufi za kijani. Mbele ya modem utaona taa iliyoandikwa herufi mbili za A. Ikiwaka hiyo, maana yake itaitikia yenyewe, wewe usiguse mkonga wa simu. Wingu likikusanyika, chomoa waya wa modem ukutani, wa simu uache. Umeme wa radi hupitia hapo.

Na nakuomba kitu kimoja. Yakitokea maandishi yoyote, usijibu mpaka uniandikie.

Mwanao, Fundi


6 Mei

Mwanangu,

Mzigo umefika, umefungwa magazeti mengi utadhani mayai. Taa ya A mbili inawaka. Sikukusikiliza, nimejibu. Tuanze hapo ili usinilaumu katikati ya barua.

Jumapili ya kwanza nilivuta kiti cha mzee nikakaa. Simu ikalia, modem ikaguguma, ikapiga ile kelele yake ya kukwaruza, na tangu mzee aondoke sijaisikia kelele hiyo ndani ya nyumba hii. Ikanyamaza. Kwenye skrini yakatokea maneno mawili: SHIKAMOO BABA. Chini yake kamstari kanawaka na kuzimika, kanangoja.

Nikaandika BABA YAKO AMEKUFA. Ikakata hapohapo.

Jumapili ya pili ikaja SHIKAMOO BABA. Nikaandika MIMI NI MAMA YAKO. Ikakata. Ya tatu nikamuuliza ulikuwa wapi. Ikakata. Mwanangu, nimemzaa, nimemchapa, nimemwogesha, hajawahi kunikatia maneno. Mtu aliyeambiwa baba yake amekufa, hata angekuwa na moyo wa jiwe, angeandika lolote. Huyu wiki inayofuata anarudi na salamu ileile, kwa baba yuleyule.

Nilianza na hasira. Sasa naogopa. Siku hizi siku ya Jumapili sifungi mlango wa chumba kile, na nikisikia jirani anaburuta ndoo uani nashtuka. Naogopa huyu anayepiga, na naogopa zaidi asipige. Niambie ni nani huyo.

Mama yako mkubwa


30 Mei

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua hii nimeianza nikaichana, nimeianza tena. Nyumbani wazima.

Anayepiga ni mashine. Mpango huo naujua kwa sababu mimi na Pengo tuliuandika pamoja dukani kwangu, kabla hajaenda kazini. Unaihifadhi barua ndani ya kompyuta, halafu kompyuta inapiga namba siku uliyoipangia, na ikikosa inapiga wiki inayofuata, haichoki. Ikiitikiwa, inatoa salamu na kungoja neno moja. Yeye ndiye aliyechagua liwe hilo. Alisema baba hasomi barua ya mtu ambaye hajamwamkia, na mtu mwingine akikaa kwenye ile kompyuta hatakumbuka kuwa na adabu. Tulicheka sana. Neno lenyewe unalijua, ni lile ambalo mtoto anayeamkia mkubwa huwa anangoja.

Ukiliandika, itakupa ilichobeba. Lakini lazima nikuambie na hili. Tuliupanga hivyo kwamba barua ikishafika, kazi imekwisha. Haitapiga tena.

Nimeipata namba ya kile kituo na nimezungumza na anayeangalia pampu sasa. Ni mgeni, hakumkuta Pengo. Anasema kwenye kona kuna kompyuta kuukuu inayopima maji ya tangi, aliambiwa asiizime wala asiiguse, naye haigusi. Jumapili huwa anaisikia inapiga simu, akadhani inapeleka hesabu za maji makao makuu. Kuna mengine aliyoniambia aliyoyasikia kwa wenyeji wa pale. Hayo nitakuja kukuambia mwenyewe. Si ya kuandika.

Nasubiri mama apate nafuu ya miguu, tuje wote. Tafadhali tungoje.

Mwanao, Fundi


22 Juni

Mwanangu,

Nimekuelewa. Mtu akisema habari si ya kuandika, ameshaiandika.

Lakini usije kwanza. Ukija utakaa kwenye kochi, mama yako ataanza kulia kabla hajavua viatu, na itakuwa imekuwa kweli. Niacheni kidogo.

Nitakuambia ninavyofanya, ukaseme nimerukwa na akili. Jumapili napika mapema. Navaa gauni la kutokea. Cherehani nalifunika ili lisinitazame. Anakuja, anaamkia, na mimi nakaa kimya nikiangalia zile herufi mpaka achoke akate. Salamu yake haidumu hata chai ikapoa. Lakini ni mwanangu ananyenyekea kwa baba yake ndani ya nyumba yangu, na kila wiki anakuja. Wangapi wana watoto wazima wenye magari, na hawawaoni hivyo? Nikijibu, anaondoka. Wewe mwenyewe umesema.

Na hata kama ningetaka, marahaba ni ya mzee. Salamu haikuwa yangu. Nikiitikia mimi nitakuwa nimemdanganya mtoto, atadhani baba yake yupo, amekaa kwenye kiti chake, mzima. Usiniambie ni mashine. Nimesikia ni mashine. Wewe jaribu kukaa pale.

Mvua ni nyingi. Kila wingu likipita nachomoa waya, halafu natoka na kuingia kuangalia mbingu kama mwanika unga. Wiki jana lilipita Jumapili saa zake, nikachomoa, na simu ikalia bure chumbani kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuinua mkonga. Nililia mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Nikamwambia vitunguu.

Mama yako mkubwa


13 Julai

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nakuandikia kwa haraka ili iwahi gari la posta.

Yule bwana wa pampu amenipigia dukani. Wanaleta kipimo kipya cha maji, na mwisho wa mwezi mafundi watazima kompyuta ile na kuibeba pamoja na vyuma vingine chakavu. Nimembembeleza, amewabembeleza wakubwa zake, wamekataa. Nimemwomba basi ainakili barua iliyomo anitumie, akajaribu, haifunguki bila lile neno kuja kwa waya kutoka namba ya kwenu. Pengo aliifunga vizuri. Ningekuwa nimemfundisha vibaya leo ningeshukuru.

Jumapili zilizobaki ni chache. Ukinyamaza, salamu zitakwisha na barua itakwenda na vyuma. Ukijibu, salamu zitakwisha na barua utabaki nayo. Sina njia ya tatu, ningekuwa nayo ningekupa.

Kuhusu marahaba, nimemuuliza mama. Anasema mzee akiwa hayupo, salamu ya mtoto hupokelewa na aliye nyumbani. Anasema wewe ndiye uliyekuwa unamfundisha yeye hivyo, mlipokuwa wadogo, watu wakija kuwaamkia wazazi wenu.

Tunakuja hata ukikataza. Mama ameshafunga mzigo.

Mwanao, Fundi


5 Agosti

Mwanangu,

Barua yako ilikaa posta, imenifikia ikiwa imebaki Jumapili moja tu. Labda ilikuwa heri, sikupata nafasi ya kuahirisha.

Sikukaa. Niliona nikikaa kwenye kiti cha mzee nitakuwa nimejifanya yeye, basi nikasimama pembeni kama mtu aliyetumwa tu kupokea. Modem yako haikunitupa, iliguguma, ikakwaruza, ikashika. SHIKAMOO BABA. Nikaandika MARAHABA kwa kidole kimoja, herufi moja moja, nikihofia kukosea. Nikabonyeza.

Haikukata. Maneno yakaanza kuja polepole, mstari baada ya mstari, na nimeyanakili yote kwa kalamu ile ya chaki ninayochorea nguo, kwenye kitambaa cha sare, maana karatasi haikuwa karibu na niliogopa kuondoka. Anasema hivi:

"Baba, marahaba yako nimeipokea. Nimeumwa tangu juzi na leo nimeshindwa kusimama. Mwenzangu amekwenda kutafuta gari, na mto umefurika, sijui kama atapita. Nimepiga nyumbani, simu haiiti, nadhani ni radi. Nimeiachia mashine iendelee kupiga mpaka ipone. Mimi nikipona nitakuja kuifuta barua hii mwenyewe na hutajua kama iliwahi kuwepo. Ukiisoma, basi sikupona. Naomba mama umwambie wewe, mimi siwezi. Usimwambie akiwa amesimama. Mkalishe kwanza."

Juu yake kuna tarehe. Ni ya mwezi ule simu ilipokufa, kabla mzee hajafariki. Nilipokuwa namwandikia yule aje kumzika baba yake, alikuwa ameshatangulia. Nilimkasirikia mtoto ambaye yuko udongoni. Nilikataza jina lake ndani ya nyumba yake.

Nilikuwa bado nimesimama. Mzee hayupo wa kunikalisha, basi nikavuta kiti chake nikajikalisha mwenyewe. Kisha nikajiambia kwa sauti, polepole kama alivyotaka, Pengo amefariki. Nikajiambia mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza sikusikia.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilipika, nikaosha vyombo, nikakaa. Simu haikulia.

Njooni sasa. Mwambie mama yako hana haja ya kutafuta maneno njiani. Nimeshaambiwa.

Mama yako mkubwa